Nyuni wa Karatasi

Mvua za Aprili zilipoanza na shule kufungwa, watoto wa kitongoji kile kilicho nyuma ya kijiji cha Munje walihamia barazani kwa Hafsa. Hakuwaita. Walimwona siku moja akimkatia mwanawe Twaiba twiga kwa boksi la sabuni, na kesho yake wakaja saba, kesho kutwa kumi na mmoja, miguu imejaa matope na kila mmoja anataka mnyama wake.

Hafsa aliijua kazi hiyo. Kwa miaka mitatu alikuwa akilipwa kuifanya katika hoteli moja ya Diani, kwenye chumba cha watoto wa wageni, ambako wazazi waliwaacha watoto asubuhi wakaenda kuota jua. Mvua zilipofika hoteli iliwarudisha wafanyakazi makwao bila mshahara mpaka Julai, naye akarudi kwa mama mkwe wake na mkasi mmoja, chupa mbili za gundi na mazoea yote ya kule. Mazoea hayo ndiyo yaliyomponza. Bosi wake, Dolphine, mtu wa bara asiyependa kelele, alikuwa amemfundisha mambo mawili: kila mnyama aandikwe jina la mwenyewe, ili watoto wasigombane, na kila mtoto alete kitu chake cha kubandika, apate kusema kazi hii ni yangu.

Basi watoto wa pale nao wakaleta vitu vyao. Mmoja alileta kipande cha kikoi cha babake, mwingine vifungo vya shati la shule, wa tatu pindo la leso alilolikata kwenye kamba ya nguo, na kwa hilo alichapwa jioni yake. Trei za mayai zikawa migongo ya kobe. Makumbi ya nazi yakawa manyoya ya simba. Sahani za karatasi zikawa nyuso za paka, na paka wenyewe walikuwa na sura za ajabu hata mama mkwe akacheka mpaka akashika mbavu.

Mama mkwe huyo aliitwa Bi Mwanapili. Alikuwa mjane wa miaka sabini hivi, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni, na kwa kuwa mwanawe Tsuma, mumewe Hafsa, alikuwa kwenye mashamba ya miwa Ramisi akirudi nyumbani Ijumaa tu, nyumba ilikuwa ya wanawake watatu: yeye, Hafsa na Twaiba. Kazi yake pale barazani ilikuwa kukaa kwenye kigoda akichambua manyoya ya kuku, meupe huku, meusi huku, na kuwauliza watoto wasio na haya wameshamsalimia au bado.

Mdogo kuliko wote alikuwa Luqman, mtoto wa Esha wa nyumba ya tatu, mwenye miaka mitano. Yeye hakutaka simba wala kobe. Alitaka ndege. Mkasi ulimshinda, kwa hiyo Hafsa alimkatia mwili kwa karatasi ya buluu, akambandikia mabawa ya manyoya meupe, kisha akamwuliza kitu chake kiko wapi. Luqman akafunua kiganja. Alikuwa na kishungi cha nywele. Babake alikuwa amemnyoa asubuhi ile ile, naye akaziokota sakafuni kabla hazijafagiliwa.

Hafsa alicheka. Mtu aliyezaliwa pwani, aliyekuzwa akiambiwa kwamba nywele na kucha hufukiwa pasipoonekana na mtu, alicheka akazipaka gundi, akazibandika kichwani mwa ndege zikawa shungi. Kule hotelini watoto walibandika kila kitu, hata meno yaliyong'oka, na hakuna aliyeuliza. Mikono yake ilikuwa imejaa gundi, kwa hiyo alimpa Bi Mwanapili amfunge ndege uzi. Bibi akamfunga, akamning'iniza kidoleni, akampuliza azunguke.

"Haya, Luqman," akasema. "Nyuni wako huyu hapa."

Chumba cha Hafsa kilikuwa kinavuja. Jioni ile wanyama wote, kumi na watatu, walitundikwa kwenye uzi chumbani kwa Bi Mwanapili, kutoka ukuta hadi ukuta, juu ya kitanda chake, ili wakauke.

Siku ya tatu Luqman aliamka na homa. Mamake alimpangusa kwa maji akampa nusu ya kidonge kilichobaki kabatini. Kufika saa nne mtoto alikakamaa, macho yakageuka yakabaki meupe, mikono ikawa inampigapiga. Esha alipiga ukelele ulioleta majirani wote wa upande ule. Hali ilipompita na mwili ukalegea, alimwinamia akamwuliza yale ambayo mama yeyote angeyauliza: umekula nini, umekula kwa nani, umefanywa nini.

Luqman akafungua macho.

"Bibi amenitengenezea nyuni," akasema.

"Bibi yupi, mwanangu?"

"Bibi wa Twaiba."

Kwa Wadigo, nyuni ni ndege yeyote arukaye. Lakini nyuni ni ugonjwa pia, ule unaowajia watoto wadogo ukawakaza viungo na kuwageuza macho, ambao wengine huuita degedege, na watu husema hauji wenyewe, bali hutumwa. Neno ni moja, na siku zote watu hulisikia kwa maana inayofaa bila hata kufikiri. Siku hiyo walilisikia wakiwa wamesimama juu ya mtoto aliyetoka kukakamaa. Luqman alikuwa amesema kweli tupu, na mpaka leo hilo ndilo linalouma zaidi.

*

Hafsa alikuwa akianua nguo alipoona watu wanakuja. Mbele alikuwa Mzee Shutu, mzee wa mtaa, na nyuma yake Rai, babake Luqman, fundi mwashi mwenye mikono mipana, pamoja na wanaume wengine wanne na wanawake ambao hakuwahesabu.

"Hodi," akasema Mzee Shutu.

"Karibuni," akasema Bi Mwanapili kutoka kwenye kigoda chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mu wazima?"

"Wazima kiasi." Hata Rai alitoa shikamoo yake, akiangalia chini. Walikuwa wamekuja kumshitaki mtu mzima, lakini hakuna aliyeruka salamu.

Mzee Shutu alieleza kwa maneno machache. Mtoto wa Rai ameanguka, amesema jambo, na wao wanaomba, kwa heshima zote, kuona chumbani. Bi Mwanapili alisema nyumba haina siri. Hafsa, ambaye alikuwa bado hajaelewa, ndiye aliyewafungulia pazia, na alilifungua kwa fahari kidogo, akidhani watazipenda kazi za watoto.

Wanyama wakatikisika kwa upepo wa mlangoni, wote kumi na watatu, juu ya kitanda cha ajuza. Kila mmoja alikuwa na kibandiko chenye jina. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Lahaula!" Mzee Shutu alivaa miwani akaanza kusoma, kibandiko kwa kibandiko.

"Huyu ni kobe. Mbona ameandikwa Tembo?"

"Tembo ni mtoto wa pale kisimani, mzee. Kobe ni wake."

Siku nyingine wangecheka. Mzee akasogea mbele. Paka aliyeandikwa Sanga, na kipande cha kikoi ambacho babake Sanga, aliyekuwa palepale, alikitambua. Kisha akafika kwa ndege wa buluu. Akasoma: Luqman. Akanyoosha kidole, akagusa shungi, akakirudisha kidole haraka.

"Hizi ni nywele," akasema Rai. "Hizi ni nywele za mwanangu. Nimemnyoa mwenyewe Jumapili."

"Ni zake, ndiyo," akasema Hafsa. "Alizileta mwenyewe."

"Mtoto wa miaka mitano atoe nywele zake kwao, azilete nyumba ya watu?"

"Mimi ndiye niliyewaambia. Niliwaambia kila mtu alete kitu chake cha mwilini au cha nyumbani."

Alisikia maneno yake yakitoka, akayasikia vile walivyoyasikia wao, akataka kuyarudisha. Akajaribu kuyatengeneza.

"Ni michezo, baba Luqman. Tunaifanya hotelini. Hata watoto wa Wazungu wanaifanya."

"Na majina?"

"Wasigombane."

"Na kutundikwa juu ya kitanda cha mama?"

"Chumba changu kinavuja."

Kila jibu lilikuwa la kweli, na kila jibu lilimzamisha mama mkwe wake hatua moja zaidi. Hafsa akakata tamaa ya kueleza, akaamua kujitwika. "Basi ni mimi," akasema kwa sauti. "Mwenye kukata ni mimi, mwenye kubandika ni mimi, mwenye kuandika ni mimi. Mama alifunga uzi tu. Kama kuna kosa, nishikeni mimi."

Rai alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa mbaya kuliko tusi.

"Wewe umetoka Diani juzi," akasema. "Nyuni utamjulia wapi? Sisi tunauliza ni nani anayekufundisha."

Wote wakageuka kumtazama Bi Mwanapili na macho yake mekundu. Bibi hakujitetea. Aliuliza jambo moja tu.

"Mtoto amepelekwa hospitali?"

"Mtoto wa nyuni achomwe sindano?" Rai akapandisha sauti kwa mara ya kwanza. "Unataka tummalizie kabisa? Haendi popote mpaka aliyemfunga amwachilie."

*

Hafsa alikimbia mpaka kwa Esha. Alimkuta amempakata mtoto, chumba kimejaa moshi wa ubani na watu. Luqman alikuwa wa moto hata bila kuguswa. Ukosi wa shati ulikuwa umelowa mate.

"Mama Luqman, hii ni malaria," akasema. "Ni msimu wake. Twaiba alipatwa nayo mwaka jana. Tumpeleke Msambweni sasa hivi, pikipiki nitalipa mimi."

"Ninajua," akasema Esha taratibu, bila kumtazama. "Au sijui. Ninaogopa sindano, Hafsa. Dada yangu alimpeleka wake akiwa hivi hivi, wakamchoma, akafa mkononi mwa daktari. Babake Luqman amekataa. Mimi nitatoka na mtoto kupitia wapi?"

Palikuwa na watu mlangoni na watu dirishani. Mtoto akakakamaa tena. Mara hii ilichukua muda mrefu, na ilipokwisha hakufungua macho.

Mzee Shutu alimshika Hafsa mkono akamvuta uani, nyuma ya choo, pasipo na masikio. Alikuwa mtu mwenye busara ya kutosha kujua yaliyo sahihi, na mwoga wa kutosha kutoyasema mbele za watu.

"Binti yangu, mimi hospitali ninaijua," akasema. "Wajukuu zangu wote wanachanjwa. Lakini mwenye mtoto ni Rai. Nimezungumza naye, amekubali jambo moja. Mama mkwe wako aje amwoshe mtoto. Amnyunyizie maji ya kinywani, aseme amemwachilia, papo hapo mtoto anapandishwa pikipiki anakwenda Msambweni. Mimi mwenyewe nitawasindikiza."

"Akimwosha amekiri, mzee."

"Ndiyo."

"Na asipomwosha?"

Mzee Shutu alipangusa miwani kwa ncha ya kanzu. "Mtoto akifa, vijana hawa sitawaweza. Unajua yaliyompata yule mzee wa kule juu aliyeitwa mchawi, mwaka wa juzi. Sikutishi. Ninakwambia ninavyoona."

Hafsa alirudi nyumbani. Ndugu za Rai wawili walikuwa wamekaa kwenye baraza lake, wamezikalia karatasi za watoto. Walimpisha kwa adabu. Ndani, Bi Mwanapili alikuwa ameketi kitandani, wanyama juu ya kichwa chake. Hakuna aliyekuwa amethubutu kuwaondoa.

Hafsa alimweleza. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Sitaki," akasema. "Nimeolewa hapa nikiwa na miaka kumi na saba. Nimewazalisha nusu ya wanawake hawa. Huyo Rai mwenyewe nilimpokea mimi, alitangulia miguu. Leo niende nikasimame mbele yao niseme nimemwachilia mwanawe? Nimwachilie kutoka wapi?"

"Mama, mtoto anakufa."

"Wampeleke hospitali."

"Hawataki mpaka uje."

"Basi damu ni yao."

"Itakuwa yao," akasema Hafsa, "lakini atakayekuwa kaburini ni Luqman."

Alipiga magoti. Hakuwahi kumpigia mtu magoti tangu arusi yake. Alishika miguu ya mama mkwe wake, akalia, akasema ni yeye aliyeleta balaa hili, kwamba atalieleza kwa kila mtu, atakwenda kwa chifu, atamwita Dolphine aje kutoka Diani aeleze michezo ya hotelini, atalisafisha jina lake kwa gharama yoyote, ila kwanza mtoto apone. Aliahidi yote hayo kwa moyo mmoja, na akiyasema alijua kwamba hana uwezo wa hata moja. Bi Mwanapili naye alijua. Alimwekea mkono kichwani kwa muda, kisha akasema, "Nipe leso yangu ya kutokea."

*

Watu walimpisha njia. Alikuwa amejitanda leso safi, anatembea wima, Hafsa ubavuni pake akimshika kiwiko. Mtoto alikuwa amelazwa kwenye mkeka uani. Bakuli la maji lilikuwa tayari. Walikuwa na uhakika kwamba angekuja.

Bi Mwanapili alichuchumaa kwa shida. Alimshika Luqman paji la uso kwa mgongo wa mkono, kama anavyopimwa mtoto yeyote mwenye homa, akatikisa kichwa. Alisoma Fatiha kimoyomoyo, midomo ikionekana. Kisha akachota maji kwa kinywa, akayanyunyiza juu ya uso wa mtoto, juu ya kifua, juu ya miguu.

"Sema, mama," akasema Rai.

"Kama ni mimi," akasema Bi Mwanapili, polepole na kwa sauti ya kusikika na wote, "kama ni mimi, nimekuachilia. Inuka, mjukuu wangu."

Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wengine wakampokea. Rai alikuwa analia waziwazi. Hafsa, aliyekuwa karibu kuliko wote, alilisikia lile "kama" mara mbili, akaelewa kwamba bibi alikuwa amelichagua na kulibeba njia nzima kutoka nyumbani. Ndilo peke yake alilokuwa nalo la kujitetea. Lakini alipotazama nyuso za watu aliona kwamba hakuna aliyelisikia. Walikuwa wamesikia "nimekuachilia."

Mzee Shutu alitimiza ahadi yake. Pikipiki ilikuwa inanguruma barabarani tangu mapema.

*

Hospitalini walimtundikia mtoto maji, wakamchoma dawa. Daktari wa zamu, kijana wa bara aitwaye Onesmus, alimfokea Esha kidogo na kumpongeza kidogo. "Mama, mko na bahati sana," akasema. "Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Mngechelewa masaa mawili, hatungekuwa tunaongea saa hii."

Hafsa, aliyekuwa amewafuata, alifurahi kwamba Esha ameyasikia maneno hayo kwa masikio yake. Siku ya pili Luqman aliketi akaomba uji. Siku ya tatu alikuwa anagombania chungwa na mtoto wa kitanda cha pili. Esha alimkumbatia Hafsa pale wodini, akalia begani mwake.

"Mwambie mama ninamshukuru," akasema. "Mwambie sina kinyongo naye. Alimfunga, lakini amemwachilia kwa moyo safi."

"Esha, ni dawa. Si umemsikia daktari?"

"Nimemsikia." Esha alitabasamu kwa upole kama anayezungumza na mtoto. "Dawa imefanya kazi kwa sababu alikuwa ameshaachiliwa. Asingeachiliwa, ile sindano ingemwua. Wewe mwenyewe ndiye uliyekwenda kumwita, Hafsa. Ungekwenda kumwita kwa ajili gani, kama hukujua?"

Hafsa aliokota maganda ya chungwa chini ya kitanda, akayatoa nje.

*

Hakuna aliyemfukuza Bi Mwanapili. Hakuna aliyemtupia jiwe. Hafsa alikuwa amejiandaa kwa mawe, na asingeshangaa. Kilichokuja kilikuwa heshima.

Kisimani wanawake walimwacha ateke maji wa kwanza, kisha wakangoja mpaka apotee kabisa ndipo wateremshe ndoo zao. Dukani alipewa sukari bila kupanga foleni, na pesa zake ziliwekwa kando, hazikuchanganywa na nyingine. Watu waliomwamkia kwa mbali zamani sasa walisimama, wakainama, wakasema shikamoo mara mbili. Mialiko ya maulidi haikuja, ila sahani ya pilau ililetwa nyumbani, imefunikwa vizuri, na aliyeileta hakutaka kungoja sahani.

Wazazi walikuja mmoja mmoja kuchukua wanyama. Hafsa alitaka kuwagawia yeye, wakakataa. Walitaka bibi mwenyewe awafungue kwenye uzi, awakabidhi kwa mkono wake, aseme ruksa. Babake Sanga alimpokea paka wake kwa mikono miwili, akaondoka kinyumenyume mpaka mlangoni. Mamake Tembo aliomba kobe achomwe palepale, halafu akaogopa, akaomba asichomwe. Hafsa alisimama pembeni akitazama. Wanyama wale walikuwa kazi nzuri kuliko yoyote aliyowahi kuifanya hotelini, na sasa hakuna hata mtoto mmoja aliyepita karibu na baraza.

Ijumaa Tsuma alirudi kutoka Ramisi. Habari zilikuwa zimemfikia mashambani, na zilipomfikia zilikuwa zimenenepa. Alikula, akanawa mikono, akasogeza kiti karibu na mamake.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "niambie mimi peke yangu. Sitamwambia mtu. Hukumfanya kitu yule mtoto?"

Bi Mwanapili alikusanya vyombo alivyolia mwanawe.

"Tsuma!" akasema Hafsa. "Ndege nilimtengeneza mimi! Nimekueleza kwenye simu mara ngapi?"

"Ninajua umenieleza," akasema Tsuma. "Ninauliza tu. Ni haki yangu kuuliza, ni mama yangu." Kisha akazungumza juu ya kumhamisha, ampeleke akakae naye Ramisi kwenye chumba chake cha kupanga. Mamake akamwambia kwamba akiondoka leo, kesho watasema amekimbia, na huko Ramisi habari itatangulia kufika kabla ya mzigo wake. Tsuma alijua ni kweli, kwa sababu ilikuwa imeshafika. Jumapili alirudi kazini, na hakumbusu mamake mkono kama alivyozoea. Alisahau, au alijifanya kusahau.

*

Wiki ya pili ya Mei, Twaiba alishikwa na homa.

Hafsa hakungoja hata nusu saa. Alimfunga mgongoni akampeleka zahanati, wakamtoboa kidole, wakampa dawa za siku tatu na maelezo ya kuzinywa. Alirudi nazo kabla ya adhuhuri, akampa ya kwanza kwa uji, akamlaza, akakaa ukingoni mwa kitanda kusubiri jasho. Jasho halikuja. Saa nane mtoto alikuwa bado wa moto, akiweweseka, na mara moja mkono wake mmoja ulishtuka wenyewe, ukatulia.

Ulishtuka mara moja tu. Kila mtoto mwenye homa hushtuka. Hafsa alijiambia hivyo, akajiambia tena. Alikumbuka karatasi ya buluu alivyoikata kwa mkasi wake. Alikumbuka gundi. Hakuna binadamu duniani aliyejua vizuri kuliko yeye kwamba ndani ya ndege yule hapakuwa na kitu. Lakini Luqman alikuwa ameoshwa na amepona, hilo pia lilikuwa limetokea mbele ya macho yake, na dua ya mtu mzima haijapata kumdhuru mtoto, na hospitali ameshakwenda, na nani ataona? Mchana ule barabara ilikuwa tupu. Alisimama akachota maji mtungini kwa kikombe cha bati.

Bi Mwanapili alikuwa chumbani kwake, amejinyoosha kitandani chini ya ule uzi mtupu. Aliposikia pazia likisogea aliinuka akaketi. Alimtazama mkwe wake, akatazama kikombe, akatazama nyuma ya bega lake ambako Twaiba alikuwa anakoroma kwa homa.

"Amekunywa dawa?" akauliza.

"Amekunywa, mama." Alinyoosha mkono wenye kikombe. Alitamani ardhi immeze, lakini mkono haukurudi nyuma. "Ni dua tu, mama. Wewe ni bibi yake."

Bi Mwanapili alikipokea kwa mikono miwili, jinsi ambavyo wiki zote hizo watu walikuwa wakipokea vitu kutoka kwake. Alikaa nacho mapajani. Kisha akakiinua, akayanywa maji yote, taratibu, mpaka tone la mwisho, kama mwanamke mzee mwenye kiu, akamrudishia kikombe kitupu.

"Mpe ya pili ikifika saa mbili usiku," akasema, akajilaza akageukia ukutani.